Sentensi Mia Tatu za Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Leo hospitalini wametupa tarehe: Jumanne, 15 Aprili. Siku hiyo wifi yangu ataondolewa kisanduku cha sauti pamoja na uvimbe uliokaa humo tangu mwaka jana. Daktari alisema atapona. Akasema pia, bila kubadilisha sauti, kwamba hatazungumza tena.

"Hata kunong'ona?" wifi aliuliza.

"Hata kunong'ona, mama."

Akanigeukia. "Basi wewe utafurahi."

Ni mke wa marehemu kaka yangu. Tumekaa nyumba moja miaka arobaini na moja, tangu tulipokimbia kwetu, na kaka, aliyekuwa akitutenganisha kama mto kati ya vichwa viwili, alitangulia miaka kumi na miwili iliyopita. Wifi alikuwa opereta wa simu. Mimi nilikuwa msahihishaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji. Yaani mmoja alilipwa kusema, mwingine alilipwa kutafuta makosa. Hatujawahi kupigana, wala hatujawahi kupatana.

Mtaalamu wa usemi pale hospitalini ametufungulia mlango mmoja. Wifi asome sentensi mia tatu kabla ya upasuaji. Programu itajifunza sauti yake, na baadaye chochote atakachoandika kitasemwa kwa sauti hiyo. Chumba chao cha kurekodia kina foleni ndefu, na wifi akifika sentensi ya thelathini koo linamfunga. Kwa hiyo tutarekodi nyumbani, asubuhi, kwenye kompyuta ya mezani tuliyoachiwa na binti yake alipohamia mbali.

"Sharti ni moja tu," mtaalamu alisema akinipa maikrofoni. "Kimya. Programu ikisikia kitu kingine chini ya sauti, inakataa."

Siku arobaini na tatu.

Jumanne, 4 Machi

Sentensi ishirini, zote nyekundu. Chini ya kila moja yameandikwa maneno yaleyale: *Kuna kelele chini ya sauti.*

Nimeishi na kompyuta hii miaka sita bila kujua kwamba ina kelele. Leo nimekaa kuisikiliza, na sasa siwezi kuacha kuisikia. Inavuma kama mtu anayetaka kusema jambo akiwa amefumba mdomo.

Jumatano, 5 Machi

Amekuja fundi. Mtaani wanamwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Ni mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi, na ana wajukuu.

Alifungua ubavu wa boksi, akachungulia, akatikisa kichwa. "Bibi, hii imevuta vumbi kama mzee avutaye tumbaku. Feni inazunguka ndani ya blanketi."

"Itapona?" wifi akauliza.

"Taratibu. Mgonjwa kwanza aoge."

Aliibeba nje, akaipiga brashi ya rangi na kuipuliza. Feni iliyo juu ya kichakataji, ubongo wa kompyuta, aliitia tone moja la mafuta ya cherehani. Alipoiwasha, mvumo ulikuwa umepungua nusu, na wifi akapiga makofi.

"Fundi, na mimi nipulize koo basi."

Taratibu akacheka peke yake. Sisi wawili hatukucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Ishirini zimesomwa, tisa zimekubaliwa. Nilizitazama zile tisa za kijani kama nilivyokuwa nikitazama ukurasa usio na kosa.

Sentensi zenyewe ni za kuchekesha. "Basi litaondoka saa tatu." "Mjomba wako ana kofia mbili." Wifi anauliza nani aliyezitunga, na kama mtu huyo ana mjomba.

Ijumaa, 7 Machi

Kumi na moja. Jumla ishirini.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu, tangu alfajiri. Nyumba yetu haina dari, ni mabati tu. Hatukurekodi.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimefanya kazi yangu ya zamani. Kwenye prufu huwezi kusaka makosa yote kwa mkupuo mmoja. Unapita mara ya kwanza kutafuta herufi, mara ya pili nukta, mara ya tatu mpangilio. Nikachukua mwiko mkavu, ncha moja nikaigusisha kwenye boksi la kompyuta, nyingine nikaibana kwenye mfupa nyuma ya sikio, nikafumba macho.

Nilizipata sauti tatu. Ya kwanza ni pumzi ya feni, pana, isiyo na umbo. Ya pili ni ya diski inayozunguka, nyembamba, ya noti moja, na inatoka kwenye skrubu kuingia kwenye bati la boksi. Ya tatu haikuwa ndani ya kompyuta kabisa. Ilikuwa chini yake.

Kompyuta imekaa juu ya sanduku la wifi. Ni sanduku la bati lenye kufuli, alilokuja nalo siku tuliyokimbia, na halijafunguliwa tangu hapo. Nilipobonyeza mfuniko wake kwa kiganja, noti ile ikafa. Nilipoachia, ikafufuka. Kompyuta inanong'ona na sanduku linapaza.

"Wifi, tuishushe hii kompyuta sakafuni. Sanduku lako ni ngoma."

"Sanduku langu liache."

"Silifungui. Naondoa kilicho juu yake tu."

"Haya, shusha. Lakini usiligonge-gonge. Umelipiga mwiko asubuhi nzima kama unabisha hodi."

Niliishusha, nikaiwekea vipande vya ndala kuukuu miguuni.

Niandike hapa jambo ambalo sijawahi kuliandika. Siku ile mimi sikuwa nyumbani. Nilikuwa kazini, na tulikutana njiani baada ya siku mbili. Wifi ndiye aliyefunga mizigo. Ukutani sebuleni palikuwa na picha ya mama yangu, ya pekee, na kabatini palikuwa na barua zake. Niliuliza mara moja tu. Kaka alisema, "Viko sandukuni, tutafungua tukifika." Hatukufika popote pa kufungulia. Kaka alitukataza hata kupiga msumari kwenye nyumba hii, akisema kitu cha ukutani hubaki ukutani. Kalenda yetu inasimama sakafuni ikiegemea ukuta, na saa yetu inalala kwenye rafu. Nami kwa miaka arobaini na moja nimekuwa nikipita kando ya uso wa mama yangu uliofungiwa kufuli na mwanamke asiyetaka kunionyesha.

Jumanne, 11 Machi

Kumi na saba. Jumla thelathini na saba.

Jumatano, 12 Machi

Taratibu amekuja na mpira wa ndani wa baiskeli. Ameukata vipande, ametoa diski kwenye skrubu zake na kuining'iniza ndani ya boksi kwa vipande vile, kama mtoto kwenye mbeleko.

"Sasa itetemeke inavyotaka," alisema. "Mpira unameza."

Noti nyembamba imetoweka. Nilimpigia makofi, na alipokuwa akifunga boksi aliniambia, "Ila bibi, sasa diski haigusi bati, joto lake halina pa kukimbilia ila hewani. Boksi lipumue." Niliitikia. Niliitikia kama mtu anavyoitikia msaada ukiwa umekwisha.

Alhamisi, 13 Machi

Zamu ya hospitali. Mtaalamu alichukua zile thelathini na saba kwenye kidude chake na kunisihi nyingine nizitume kila siku kwa mtandao. Nilisema nitazituma.

Ijumaa, 14 Machi

Thelathini na moja kwa mkao mmoja! Wifi alisoma huku ameketi wima kama yuko kazini kwenye swichibodi ya simu. Nimewahi kumsikia akipiga kelele, akilalamika, akiimba kwa makosa, lakini sauti hii ya kazi sikuwa nimeisikia tangu tulipokuwa vijana. Ni sauti ya mtu anayejua kwamba upande wa pili kuna anayengoja.

Sikuzituma leo. Katika sentensi ya nane ameimeza "na", na ya ishirini ina pumzi nzito. Nitazisikiliza zote kwanza, nitenge mbovu, nitume safi.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua.

Jumapili, 16 Machi

Ishirini na tisa. Nimesahihisha hadi ya kumi na mbili ya juzi.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Wifi amekohoa mchana kutwa.

Jumanne, 18 Machi

Ishirini na nne. Sauti imeanza kukwaruza mwishoni mwa maneno. Programu imekataa mbili, si kwa kelele, bali kwa sababu *sauti hailingani na ya awali.* Wifi aliyatazama maneno hayo muda mrefu.

"Inanikana," alisema. "Bado niko hai, inanikana."

Jumatano, 19 Machi

Naandika hili, na silifuti.

Asubuhi pumzi ya feni ilirudi juu. Kulikuwa na joto zito la kabla ya mvua, na feni ikajitahidi, na sentensi tatu za kwanza zikawa nyekundu. Wifi aliweka mkono kooni. Nikaona siku inaponyoka. Nikatazama boksi: sauti inatoka wapi? Kwenye matundu ya ubavuni na mgongoni. Basi ziba matundu. Nilikata sponji ya godoro la zamani, nikayaziba yote, nikalifunika boksi kwa blanketi juu.

Kimya kilichokuja kilikuwa kizuri mno. Kijani, kijani, kijani. Sentensi ishirini na sita bila hata moja nyekundu. Wifi aliinua kidole gumba. Ndipo tukasikia harufu, kama ya pasi iliyosahauliwa, na kioo kikawa cheusi.

Nilipoondoa blanketi, bati lilikuwa la moto kiasi cha kutogusika. Mpira wa baiskeli ulikuwa umelegea, na diski imeangukia chini ya boksi ikizunguka.

Taratibu alikuja akikimbia kwenye mvua, mtu asiyekimbia kamwe. Aliona sponji, akaona uso wangu.

"Bibi. Umemziba pua."

"Sentensi ziko ndani ya diski. Zitoe."

"Zote zimeshatumwa, sivyo?"

Wifi alinitazama mimi, hakutazama kompyuta.

Ijumaa, 21 Machi

Taratibu amerudi na jibu. Diski imekwaruzwa ndani. Sentensi mia moja na kumi zimepotea. Zimebaki zile thelathini na saba alizochukua mtaalamu mwenyewe.

Alijaribu kunisaidia. "Ni ajali, bibi. Hata sisi mafundi..."

"Si ajali," wifi alisema. Kila neno sasa linamgharimu, kwa hiyo anachagua. "Alikuwa ananisahihisha."

Jumamosi, 22 Machi

Hajanisemesha.

Jumapili, 23 Machi

Hajanisemesha. Mvua.

Nimejaribu kuhesabu ni vitabu vingapi vilichelewa kutoka kiwandani kwa sababu yangu. Niliwahi kujivunia hilo.

Jumatatu, 24 Machi

Saa mbili asubuhi nilimkuta ameshaketi mbele ya maikrofoni, na kompyuta haipo.

"Fundi anakuja," alisema. "Nimemwita. Wewe utabonyeza kitufe cha kutuma. Kila sentensi nikimaliza, unatuma. Huisikilizi."

"Sawa, wifi."

"Hata nikikosea."

"Sawa."

"Rudia."

"Nabonyeza. Sisikilizi."

Taratibu ameweka diski ya aina nyingine, isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ndogo kama daftari la mfukoni. Haitoi sauti yoyote. Feni ya kichakataji amebadilisha, hii ni pana na inazunguka polepole, na boksi linapumua. Nimeweka mwiko sikioni na kusikia tu damu yangu mwenyewe.

Tukaanza. Nyekundu. Nyekundu. Nilidhani ni macho yangu. Lakini maneno ya chini yalikuwa mapya: *Kuna mwangwi.*

Nilimpigia mtaalamu. "Chumba chenu kiko wazi," alisema. "Kuta tupu. Hata mvumo hafifu wa diski yenu ya zamani ulikuwa ukiufunika mwangwi. Tundikeni kitu kizito ukutani. Mablanketi, mapazia mazito, chochote kinene."

Nilitazama kuta zetu nne. Miaka arobaini na moja, hakuna hata tundu la msumari.

Jumanne, 25 Machi

Tumejaribu mablanketi mawili tuliyonayo, nikiwa nimeyashikilia kwa mikono nyuma yake kama mtu anayemficha anayeoga. Ni membamba mno. Tano nyekundu, kisha mikono ikanishinda. Wifi alicheka hadi akakohoa, na programu ikaandika kwamba kicheko ni kelele.

Siku ishirini na moja.

Jumatano, 26 Machi

Nitaandika kila kitu kwa mpangilio.

Mvua ilianza saa nne. Wifi aliniita sebuleni. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, ufunguo mkononi, na kufuli lilikuwa limeshika kutu. Taratibu ametuachia kichupa cha mafuta ya cherehani. Nilitia tone, tukangoja, kufuli likakubali.

"Kabla sijafungua," alisema, "kaa chini."

Nilikaa. Nilikuwa nimeshaamua nitaitazama picha kwanza, barua baadaye.

Akainua mfuniko.

Yalikuwa mapazia. Mapazia ya nyumba yetu ya kule, ya kitambaa kile kizito cha kijani kibichi, yamekunjwa kwa haraka, vikulabu vyake vya shaba bado viko juu. Nilitia mkono chini yake, nikapata mapazia mengine. Nilichimba hadi nikagusa bati la chini. Madirisha manane, pande kumi na sita, na hakuna kingine.

"Picha iko wapi?" nilisema, ingawa nilikuwa nimeshaona.

Alizungumza polepole, kwa ile sauti aliyobakiwa nayo, na mvua ilikuwa kubwa hata nikalazimika kusogea goti kwa goti.

"Walisema tuna nusu saa. Nikaenda kufunga mapazia, watu wa barabarani wasituone tukifunga mizigo. La kwanza nikalifunga. La pili mikono ikalivua. Sijui kwa nini. Nikavua hili, nikavua lile, nikayakunja. Nilikuwa nafanya kazi vizuri, wifi, haraka kabisa, nilijiona hodari. Kaka yako akaleta gari, akauliza, umemaliza? Nikasema, nimemaliza. Tumefika mbali ndipo nikakumbuka nimefunga nini."

"Na picha?"

"Ilibaki kwenye msumari wake. Niliipita mara nane."

Mvua ilipiga mabati.

"Kaka yako alijua. Yeye ndiye aliyesema usiambiwe, utavunjika. Nikakubali, maana nilikuwa na haya. Halafu mwaka ukapita, halafu kumi. Ukawa unanitazama kama mwizi. Nikaona bora mwizi kuliko mjinga."

Nilikuwa na hasira tayari, ya miaka arobaini na moja, iliyohifadhiwa vizuri. Nikaitafuta. Badala yake nikamwona mwanamke wa miaka thelathini na tatu akizunguka dirisha hadi dirisha, hodari kabisa, mikono ikifanya kazi ambayo kichwa hakikuituma. Nami wiki iliyopita nilikata sponji kwa mikono hodari vilevile.

"Ningekuwa mimi," nilisema mwishowe, "ningefunga kamusi."

"Ungefunga kamusi, na ungerudi kuangalia kama umefunga chapa sahihi, na tungeachwa wote."

Tukacheka, na hakukuwa na programu ya kutukataza.

Mvua ilipopungua nilikwenda kwa mwenye nyumba kuazima nyundo na kuomba ruhusa ya misumari. "Miaka yote hii," alisema, "nilidhani mnauogopa ukuta wangu." Nilipiga misumari ishirini na miwili. Wa kwanza uliingia umepinda. Wifi alishika mapazia, mimi nikayatundika, kuta zote nne, na alipokohoa ili kujaribu chumba, kikohozi kiliishia mdomoni mwake pale pale.

Alhamisi, 27 Machi

Ishirini na nne za kijani. Jumla sitini na moja. Zimetumwa zote, moja moja. Sikusikiliza.

Ijumaa, 28 Machi

Ishirini na sita.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua.

Jumapili, 30 Machi

Ishirini na tatu. Jumla mia moja na kumi, ileile tuliyopoteza.

Jumatano, 2 Aprili

Programu inaruhusu sentensi thelathini za mtu mwenyewe. Mtaalamu alishauri maneno ya lazima: maji, dawa, maumivu, mlango. Wifi ameandika kumi na mbili za namna hiyo na kumi na nane za kwake. Nimeombwa kuzinakili:

"Namba gani, tafadhali?"

"Wewe wifi, hizo akili ni zako au umeazima?"

"Nimesikia. Sijakubali, lakini nimesikia."

"Mwambieni binti yangu nimekula."

Nilimwambia ya mwisho haitakuwa kweli kila siku. Akasema ndiyo maana anairekodi.

Jumamosi, 5 Aprili

Jumla mia moja na tisini. Kiti kinalia, nimekibadilisha. Saa ya kwenye rafu nimeitoa betri. Hatujui ni saa ngapi, tunajua ni sentensi ya ngapi.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua kutwa nzima.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Mia mbili arobaini na moja. Programu sasa inamkana mara kwa mara. *Sauti hailingani.* Akikanwa hunywa maji ya uvuguvugu, hufunga macho, huketi wima, na kuitafuta ile sauti ya swichibodi mahali fulani ndani yake ambapo mimi sipaoni. Wakati mwingine huipata. Nimekaa kando yake na kidole kwenye kitufe, na nimegundua kwamba nabana pumzi tangu neno la kwanza hadi nukta.

Jumamosi, 12 Aprili

Mia mbili sitini na nane. Nane tu leo, kwa saa mbili.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Kesho mchana analazwa.

Tuliketi katikati ya mapazia mbele ya maikrofoni iliyowashwa, tukitazama ule mstari unaoonyesha kelele ukirukaruka. Kompyuta ilikuwa kimya kama jiwe. Kazi yote ile, Taratibu na brashi, mwiko, mpira, diski, misumari, na sasa mbingu yenyewe imekaa juu ya bati. Nilifikiri nitalia kwa hasira. Wifi alinipiga kwenye goti na kuandika kwenye karatasi, kwa kuwa anaitunza sauti: *Usiisahihishe mvua.*

Ilikatika saa kumi jioni. Kwa kawaida jioni hana sauti kabisa. Alisoma. Kila sentensi aliirudia mara tatu, mara nne, mara sita. Ilipokaribia saa kumi na mbili, sentensi zilikuwa kumi na tano. Jumla mia mbili themanini na tatu.

Jumatatu, 14 Aprili

Asubuhi hakuna mvua. Begi la hospitali liko mlangoni. Taratibu amekuja kutusindikiza na amesimama nje ili viatu vyake visilie.

Sita zaidi. Ya saba aliianza, "Mwambieni binti," na haikumalizika. Alijaribu tena. Midomo ilitembea. Akanitazama, akatikisa kichwa, akazima maikrofoni mwenyewe.

Mia mbili themanini na tisa. Nilimpigia mtaalamu, nikiwa nimegeukia ukutani.

"Itasema," alijibu. "Siwezi kuahidi itafanana kiasi gani. Lakini itasema."

Jumatano, 16 Aprili

Ametoka salama. Amelala. Ana mrija shingoni na pumzi inapita humo. Nilimsemesha kidogo, nikaona aibu kusikia sauti yangu peke yake chumbani, nikanyamaza.

Jumatatu, 21 Aprili

Anaandika kwenye daftari. Mwandiko wake ni mbaya. Sijamwambia.

Jumatatu, 28 Aprili

Yuko nyumbani tangu Ijumaa. Leo faili la sauti limefika kwa mtandao, na Taratibu ameliweka kwenye kompyuta, ameunganisha spika, ameaga. Alisema si jambo la mtu wa nje.

Wifi aliketi. Bandeji shingoni, nywele amezichana. Aliandika kwa kidole kimoja, akabonyeza.

"Namba gani, tafadhali?"

Ilikuwa yeye. Nataka kuwa sahihi hapa: haikuwa yeye wote. Ile dh ya "tafadhali" ilikuwa ngumu kidogo, na mwishoni sauti ilishuka ghafla kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo. Lakini lile joto la katikati ya neno, ule uhakika wa mtu anayengojwa, ulikuwa wake, nami ningeutambua kwenye umati wa watu elfu.

Hiyo alikuwa ameisoma mwenyewe, mwezi huu. Nilijua kwamba jaribio la kweli ni jambo ambalo hakuwahi kulisema. Yeye pia alijua. Aliinamia kibodi, akaandika kwa muda mrefu, akifuta, akirudia. Nilitaka kumwambia kitu wakati akiandika. Nilikuwa na mambo mengi. Nilifungua mdomo na koo likanifunga, mimi, mzima wa afya.

Akabonyeza. Chumba kilikuwa kimya kabisa.

"Wifi, miaka arobaini na moja nimengoja unyamaze, na umechagua leo. Sema kitu."